Jamaa Kagusa Mpira Mara Moja, Kalaumiwa Miaka 13: Chicago Cubs na Ugonjwa Wetu wa Kutafuta Mchawi

Leo naomba tuziweke pembeni habari za nani kaachana na nani, tutazirudia wiki ijayo, zenyewe huwa haziishi. Leo nataka tuongee besiboli.

Usitoke kwanza! Najua hapa kwetu ukitaja besiboli mtu anafikiria kofia. Tunazivaa kuanzia Kariakoo mpaka Mwenge na herufi zake hatujui zina maana gani. Mimi mwenyewe nimevaa ya NY miaka minne nikidhani ni jina la kampuni inayoshona kofia. Lakini kuna usiku nilikuwa na bundle la usiku linaisha saa kumi na moja, usingizi hakuna, nikakutana na filamu ya matukio halisi kuhusu timu inaitwa Chicago Cubs. Nikasema niangalie dakika kumi. Nimekuja kushtuka muadhini anaadhini. Tangu siku hiyo nimekuwa nasoma kila kitu kuhusu hii timu, na kuna jambo limenikaa kooni, nitalisema leo.

Kwanza mchezo wenyewe, kwa ufupi kabisa. Mmoja anarusha mpira, mwenzake ana gongo (la kupigia, sio ile ya kunywa), anaupiga, anakimbia kuzunguka vituo vinne. Akifanikiwa kurudi alipoanzia ni pointi moja. Ukiudaka mpira wake hewani kabla haujagusa chini, mpigaji ni auti, hata kama ulikuwa unatoka nje ya mstari. Auti tatu, mnabadilishana zamu. Raundi ziko tisa. Shika hayo tu, mengine nitakubeba.

Sasa Cubs walichukua ubingwa 1907, wakachukua tena 1908, wakawa wababe wa Marekani. Halafu basi. Ikapita miaka 108 bila kombe. Hebu iweke hiyo akilini vizuri: 1908 hapa kwetu Mjerumani ndo alikuwa bosi, vita ya Maji Maji imetoka kuisha mwaka mmoja nyuma, Yanga haijazaliwa, Simba haijazaliwa. Watu wamezaliwa mashabiki wa Cubs, wamezeeka mashabiki wa Cubs, wamezikwa, timu haijabeba. Na kibaya zaidi, mji huohuo wa Chicago una timu nyingine, White Sox, na wao walibeba 2005. Yaani jirani mnayetambiana anapita na kombe mtaani kwako. Mtu wa Simba au Yanga hapo hahitaji maelezo.

Na binadamu akikosa kitu muda mrefu huwa hasemi sina uwezo. Anasema nimerogwa.

Mwaka 1945 Cubs walifika fainali, wenyewe wanaiita World Series, wakawa wanacheza na Detroit Tigers. Mechi ya nne, tarehe 6 Oktoba, mwenye baa mmoja wa pale mjini, Billy Sianis, mhamiaji kutoka Ugiriki, akaenda uwanjani na mbuzi wake. Baa yake ilikuwa na jina la beberu (mnyama, sio wale wa kwenye hotuba). Wakamtoa yeye na mbuzi wake, kisa mbuzi ananuka. Inasimuliwa kwamba jamaa alikasirika akaapa Cubs hawatashinda tena. Cubs wakafungwa mechi nne kwa tatu, na kuanzia hapo ikawa kila wakiharibu, ni yule mbuzi. 1969 walikuwa wanaongoza vizuri tu, halafu tarehe 9 Septemba wakiwa ugenini New York paka mweusi akakatiza uwanjani karibu na mchezaji wao Ron Santo. New York Mets wakawapita na wakaenda kuwa mabingwa. Basi, ni paka. Paka hajarusha mpira, hajakosa kudaka, ila ni paka. 1984 ndugu wa yule mwenye baa akaletwa uwanjani na mbuzi mwingine ili laana itoke, Cubs wakafika karibu na fainali, wakashinda mechi mbili za mwanzo dhidi ya San Diego Padres, wakahitaji moja tu, wakapoteza tatu mfululizo. Mtu akikwambia kamati ya ufundi ni mambo ya mpira wa Bongo, mtumie hii aya.

Hayo yote ni ya kuchekesha kwa sababu wanaolaumiwa ni mbuzi na paka. Mbuzi hasomi komenti.

Twende 2003 sasa. Jumanne, tarehe 14 Oktoba, uwanja wa Cubs wenyewe, Wrigley Field, watu karibu 40,000. Ni hatua ya mwisho kabla ya fainali, wanacheza na Florida Marlins, anayefikisha ushindi wa mechi nne anapita. Cubs wana tatu, Marlins wana mbili. Raundi ya nane, Cubs 3, Marlins 0. Mrushaji wao Mark Prior, kijana wa miaka 23, siku hiyo alikuwa wa moto kwelikweli. Auti moja tayari. Zimebaki auti tano waende World Series kwa mara ya kwanza tangu yule mbuzi atolewe. Auti tano tu, mtu wangu.

Mpigaji wa Marlins, Luis Castillo, anaupiga mpira unapaa kuelekea kushoto, nje ya mstari, palepale ukutani jukwaa la mashabiki linapoanzia. Mchezaji wa Cubs, Moisés Alou, anakimbia, anaruka, anapeleka glavu juu. Wakati huohuo mikono ya mashabiki kadhaa, nimesema kadhaa, inanyooka kuudaka. Ndivyo wanavyofanya kule, mpira ukija jukwaani ukaudaka ni wako, unaenda nao nyumbani. Mkono mmoja ndo ukaugusa. Mpira ukadondoka, Alou hakuupata, akatua chini amefura kwa hasira.

Mwenye ule mkono alikuwa na miaka 26, umri wangu mimi. Kofia ya Cubs kichwani. Hedifoni masikioni, anasikiliza matangazo ya redio ya mechi hiyohiyo anayoiangalia, yaani shabiki wa damu. Jina lake ukiligoogle unalipata sekunde mbili. Hapa kwangu jina kapuni.

Sasa angalia kilichofuata, na naomba usome taratibu kwa sababu hapa ndo kesi yote ilipo. Refa alisema mpira ulikuwa umeshavuka upande wa mashabiki, kwa hiyo jamaa hakuvunja sheria yoyote. Castillo akarudi kupiga, Prior akamrushia mpira mbovu, akaenda kituo cha kwanza bure, na mpira huohuo mbovu ukampita mdakaji, mwenzake wa mbele akasogea. Iván Rodríguez akapiga, 3-1. Halafu Miguel Cabrera akapiga mpira wa chini, mwepesi, ukaenda moja kwa moja kwa Alex Gonzalez, mchezaji ambaye msimu ule kwenye nafasi yake alikuwa mmoja wa watu wa uhakika kabisa wa kudaka. Angeudaka ule, kulikuwa na uwezekano mkubwa wa kupata auti mbili kwa mpigo na raundi ikaishia hapo. Ukamponyoka. Derrek Lee akapiga, 3-3. Wakambadilisha mrushaji, haikusaidia kitu. Raundi hiyo moja Marlins walipata pointi nane. Mechi ikaisha 8-3.

Na haijaisha! Kesho yake kulikuwa na mechi ya saba, Wrigley Field palepale, na Cubs wakawa wanaongoza 5-3. Wakaongoza tena. Wakafungwa 9-6. Na kabla ya hizo mbili kulikuwa na mechi ya tano ambayo pia wangeshinda wangepita, wakalala 4-0. Nafasi tatu walizipata, wakazipoteza zote tatu. Kati ya hizo tatu, jamaa wa hedifoni alikuwa siti ya mbele kwenye moja, na kagusa mpira mmoja ambao hata kama Alou angeudaka zilikuwa bado zinahitajika auti nne.

Kuna watakaosema, "Lakini si aliugusa?" Ndiyo, aliugusa. Ila kwenye mizani kuna mtu mmoja kagusa mpira kwa sababu umemjia usoni, na kuna wanaume wazima wanaolipwa mamilioni ya dola wameshindwa kupata auti tano. Chicago nzima ikaangalia mizani hiyo ikamchagua mwenye hedifoni.

Wrigley Field enzi hizo haikuwa na skrini kubwa, kwa hiyo wengi uwanjani hata hawakuona vizuri ni nani. Waliokuwa na vitelevisheni vidogo ndo waliona marudio, wakawapa wenzao, dakika chache uwanja mzima unamjua. Bia zikaanza kurushwa. Nyimbo za matusi, watu maelfu kwa pamoja, zinamlenga mtu mmoja aliyekaa kwenye kiti chake kaduwaa, hedifoni bado masikioni. Walinzi ikabidi wamtoe wamemfunika uso, na mlinzi mmoja wa kike akaenda kumficha nyumbani kwake. Asubuhi jina lake likawa limeshaanikwa na magazeti, polisi wakaweka magari nje ya nyumba. Gavana wa jimbo akatania kwamba jamaa aingizwe kwenye mpango wa serikali wa kuficha mashahidi. Gavana wa Florida naye akatania kwamba atampa hifadhi kwake. Viongozi hao, wanachekesha wapiga kura kwa jina la kijana ambaye hawezi kutoka kwenda dukani.

Nikukumbushe tu, hii ni 2003. Facebook ilikuja 2004, Twitter 2006, Instagram 2010. Hakuna simu ya kamera kali, hakuna magrupu ya WhatsApp, hakuna mimi na blogu yangu. Na bado walimpata usiku uleule.

Jamaa akatoa tamko la maandishi la kuomba msamaha. Alisema macho yake yalikuwa kwenye mpira, angemuona Alou angekaa pembeni. Halafu akanyamaza. Alitangaziwa pesa ndefu aonekane kwenye matangazo, asaini picha, atoe intavyuu. Akakataa. Mashabiki wa Florida walivyotaka kumtumia zawadi, aliomba zipelekwe kwenye utafiti wa kisukari cha watoto. Hebu niambie ni nani hapa mjini angefanya hivyo. Sisi tungekuwa tumeshafungua chaneli, jina la chaneli "Mzee wa Kugusa".

Mpira wenyewe nao ukatafutiwa adhabu. Uliuzwa kwa mnada, dola 113,824, ukanunuliwa na watu wa mgahawa mmoja maarufu wa Chicago, na tarehe 26 Februari 2004 wakaulipua hadharani mbele ya kamera. Mwaka uliofuata wakachukua mabaki yake wakayachemsha na mvuke wake ukatumika kwenye mchuzi wa tambi. Watu wakala. Nasema tena kwa wale wa nyuma: waliula mvuke wa mpira ili gundu litoke. Bibi yangu Handeni alikuwa na dawa zake nyingi ila hii hakuijua.

Gundu halikutoka. Unajua lilitoka lini? Timu ilipoletewa uongozi mpya, wakakubali kufungwa miaka kadhaa wakijenga vijana, wakapata wachezaji kina Kris Bryant na Anthony Rizzo. Ni hilo tu. Mwaka 2016 wakafika World Series dhidi ya Cleveland, wakawa nyuma mechi tatu kwa moja, wakasawazisha, ikafika mechi ya saba usiku wa tarehe 2 Novemba. Wakawa wanaongoza 6-3 raundi ya nane (ndiyo, nane tena), Cleveland wakasawazisha, Rajai Davis akaupeleka mpira nje ya uwanja ikawa 6-6. Nimeangalia marudio nikijua matokeo na bado tumbo liliuma. Raundi tisa zikaisha sare, mvua ikanyesha, mechi ikasimama dakika 17. Jason Heyward, ambaye msimu ule alikuwa anapiga vibaya na mashabiki walishamchoka, akawaita wenzake kwenye chumba cha mazoezi akawaambia bado wao ndo timu bora. Wakarudi raundi ya kumi, Ben Zobrist akapiga, wakapata mbili. 8-7. Mpira wa mwisho, Bryant anauokota mguu unateleza na bado anacheka, anamtupia Rizzo, imeisha. Miaka 108.

Wengi wanasema huo ndo wakati mkubwa kuliko wote wa Cubs na siwakatalii kwa kelele. Kuna kitu kilinigusa zaidi ya kombe: siku zile mashabiki walienda kwenye kuta za nje za Wrigley Field na chaki, wakaandika majina ya baba zao, bibi zao, marafiki waliokufa bila kuona kombe. Kuta zikajaa. Lakini kwangu mimi wakati mkubwa unabaki ile raundi ya nane ya 2003. Kombe linakuonyesha timu. Ile raundi ilionyesha mashabiki, yaani sisi.

2017 klabu ikampa jamaa pete ya ubingwa, pete ileile wanayopewa wachezaji. Akaipokea kwa tamko fupi, akashukuru, akasema anatumaini watu watajifunza namna ya kutendeana kwenye michezo. Akarudi kimya. Klabu ilifanya jambo la kiungwana, nawapongeza. Ila niliona komenti za watu wakiandika "tumemsamehe". Na hilo ndo limenikaa kooni. Mmemsamehe kosa gani? Yeye ndo aliyetakiwa kuombwa radhi, mpaka akaozewa na hizo komenti.

Naongea hivi kwa ukali kwa sababu na mimi nimefanya. Miaka miwili iliyopita, ndondo ya mtaani kwetu, fainali, timu yetu inaongoza 1-0 dakika za mwisho. Mpira ukatoka, mtoto mmoja wa kama miaka kumi na mbili anayeokotaga mipira akaurudisha haraka kwa wapinzani wakati wetu wanabishana na refa. Wakarusha, wakasawazisha, tukatolewa kwa penati. Mimi nilikuwa narekodi. Nikamvuta yule dogo karibu kwenye klipu, nikaandika juu yake "Mchawi wetu huyu hapa", nikaweka na emoji za kucheka. Nilikuwa natania kweli. Kufika asubuhi ilikuwa kwenye magrupu ya kata nzima na watu wanauliza ni mtoto wa nani, na wengine wanajibu.

Siku ya tatu nikapita kwa mama yake, anauza vitumbua barabarani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Eti baba, we ndo uliyemuweka mwanangu kwenye simu?"

Nikamwambia ndiyo. Hakunitukana. Akasema tu dogo hataki kwenda madrasa kwa sababu wenzake wanamuita mchawi. Nikafuta klipu palepale mbele yake, ila we unajua na mimi najua, klipu ikishafika kwenye magrupu unafuta ya kwako tu. Beki yetu iliyosimama inabishana na refa haijaulizwa na mtu mpaka leo. Mwezi uliopita nilimuona dogo uwanjani, kasimama mbali upande wa miembe. Mpira ukatoka ukabingirika mpaka karibu na miguu yake. Hakuugusa. Akarudi nyuma, akamsubiri mwingine aje kuuchukua.

Kwa hiyo wale mnaonijia inbox tangu wiki iliyopita mnataka nitaje yule MC aliyekosea jina la bibi harusi, mnasema mnataka "kumpa za uso tu", jibu ni hapana. Na kwa mada ya leo, uwanja wa maoni uko wazi, bisheni kuhusu Prior, Gonzalez, mbuzi, mchuzi wa tambi, chochote. Atakayeandika jina la jamaa wa hedifoni hapo chini, nafuta.